Treni Iliyokwama Mlangoni

Fundi Gundi hakupewa jina hilo bure. Katika ule mji mdogo ulio katikati ya barabara ndefu, kati ya jiji la kaskazini na jiji la kusini, maseremala walikuwa wengi, ila ni yeye peke yake aliyeamini kwamba msumari ni kimbilio la wavivu. Vitanda vyake havikuwa na msumari, kabati zake hazikujua skrubu. Yeye na gundi yake na vibano vyake, basi. Alichokiunganisha kimeungana, na mtu akitaka kukitenganisha atafute shoka. Wateja walimsifu kwa hilo mwaka mzima, isipokuwa siku ya kuhama nyumba, ambapo walimsema vibaya kidogo wakiwa wamekwama ngazini na kitanda.

Basi Katibu wa Kamati ya Reli alipoingia karakana akiwa na michoro kwapani, hakujua anamletea kazi mtu wa namna gani. Katibu alikuwa mama wa makamo, miwani yake ikining'inia kifuani kwa kamba, na sauti yake ilikuwa ile ya mwalimu wa zamu. Alitaka atengenezewe mfano wa reli ya mwendo kasi, ule wa kuwekwa mezani: jiji la kaskazini upande huu, jiji la kusini upande ule, milima, mto, madaraja, na treni yenyewe ikipita.

"Kamati yangu imekaa mwaka wa pili sasa," alisema, akipangusa vumbi la mbao kwenye kigoda kabla ya kukaa. "Nimewaonyesha majedwali mpaka wakasinzia. Sasa nataka kitu ambacho mtu akikigusa kwa kidole anaelewa."

"Na wasipoelewa?"

"Wataahirisha. Hiyo wanaiweza sana."

Fundi Gundi aliikubali kazi kabla hata hawajafika kwenye malipo, na sababu yake ilikuwa inajulikana mtaa mzima. Mke wake alikuwa mkufunzi wa wakunga katika chuo kimoja cha jiji la kusini. Jumapili mchana anapanda basi, Ijumaa usiku anarudi akiwa hoi, Jumamosi anaosha, anapika, anasuka nywele za binti, na kabla hamjazoeana ni Jumapili tena. Watu walikuwa wakimtania fundi kwamba ana ndoa ya kukodi. Alicheka nao, halafu akirudi ndani anakuta kikombe cha mkewe kimekauka kwenye rafu, na hapo hacheki.

Sasa chuo kilikuwa kimempandisha cheo mkewe, na pamoja na cheo nyumba, kwa sharti kwamba akae kulekule. Walikuwa wamelizungumza jambo hilo mpaka likawachosha. Kuacha kazi yake ilikuwa haiwezekani, maana wakunga wa wilaya nne walipita mikononi mwake. Kufunga karakana iliwezekana, ila fundi kila alipolifikiria alijikuta akivihesabu vibano vyake ukutani. Mwishowe wakakubaliana: wasikilize Kamati. Ikipitisha reli, na treni ikasimama hapa mjini, watavumilia miaka ya ujenzi. Ikiahirisha tena, wanafunga karakana mwisho wa mwezi na kuhamia kusini, na fundi ataenda kuajiriwa kupigilia misumari kwenye kiwanda cha watu.

"Siwezi kungoja kitu ambacho hata hakijaamuliwa kuja," mkewe alikuwa amesema, bila hasira, akikunja nguo za safari. Fundi akamfungia zipu ya begi.

Ndiyo maana aliifanya kazi ile kama anajenga nyumba yake. Milima aliichonga kwa mbao laini akaipiga msasa mpaka ikapendeza kuipapasa. Mto aliupaka vanishi mara kadhaa ukang'aa. Chini ya meza alifunga mota ya cherehani ya mama mkwe, kwa ruhusa iliyotolewa kwa shingo upande, na mota ile ilivuta uzi, na uzi ukavuta treni ndogo nyeupe kutoka kaskazini hadi kusini kabla mtu hajamaliza kumeza funda la chai. Reli haikuwa na kiungo hata kimoja. Yote ilikuwa kipande kimoja na meza, na meza kipande kimoja na milima, na kila kitu kilikuwa kimeshikwa na gundi.

Kitu kimoja tu hakikugandishwa. Kwenye michoro, kituo cha mji huu kilikuwa kimechorwa kwa penseli na kuwekewa alama ya kuuliza. Treni ya kasi haiwezi kusimama kila mahali, Katibu alieleza, maana ikisimama kila penye mti na duka haitakuwa na kasi tena. "Kitengeneze, lakini usikigandishe mpaka Kamati iseme." Fundi alikitengeneza kituo, paa lake jekundu na vibaraza viwili, akakitia katika mfuko wa aproni yake. Hakuwa amezoea kukaa na kitu kisichogandishwa. Kilimkera siku nzima kama jiwe kwenye kiatu.

Siku moja kabla ya kikao, lori lilikuja kuchukua mfano kuupeleka jiji la kaskazini, ambako Kamati hukaa siku zote kwa kuwa Mwenyekiti anaishi huko. Wapagazi wakainua meza, wakaenda nayo vizuri hadi mlangoni, wakasimama. Wakaijaribu kwa ubavu, mlima ukagota juu. Wakaijaribu kwa kichwa, haikukunja kona. Madirisha yalikuwa na nondo. Fundi Gundi aliingiza mbao zile karakana moja moja, wiki baada ya wiki, na kwa muda wote huo hakuwahi kujiuliza zitatokaje zikiwa zimeungana.

Mama mkwe, aliyekuwa amekaa kibarazani na mjukuu wake, aliutazama mlango, akaitazama meza, akamtazama mkwe wake.

"Baba," alisema kwa upole mwingi mno, "hivi ulipima mlango?"

Fundi akaupima mlango kwa macho. Kinyozi hajinyoi, wahenga walisema, na wapagazi wale wakaongeza yao ambayo hayaandikiki. Fundi akachukua msumeno. Aliuweka juu ya reli, pale katikati, akaona kwamba akikata atakata reli na uzi na handaki na daraja, na kwamba hata akiunganisha upya treni itaruka kwenye kiungo mbele ya Kamati nzima. Mkono ukakataa. Akampigia Katibu simu, akamweleza aibu yake yote bila kuficha.

Alingoja akaripiwe. Halafu akasikia kitu ambacho hakukitarajia: Katibu alikuwa anacheka.

"Fundi, usikate. Waache wapagazi waende. Kamati itakuja hapo."

"Hapa? Karakana?"

"Si ndiyo katikati? Wa kaskazini waje, wa kusini waje. Mwaka wa pili sasa tunajadili barabara hiyo, na wengi wao hawajaipita tangu wapate nafasi za kwenye ndege. Waipite." Akapunguza sauti. "Ila kuna mmoja yeye huipita, na haimbadilishi. Mzee Subiri. Bila yeye kusini hawapigi kura. Tatizo langu kubwa si fedha, fundi, tatizo langu ni methali. Kila nikisimama kusema mwendo kasi, mzee yule ananyanyua kidole: haraka haraka haina baraka. Nikisema miaka inapita: subira yavuta heri. Nikitoa takwimu: polepole ndio mwendo. Na wajumbe wote wanatingisha vichwa, maana nani atapinga wahenga?"

Usiku ule fundi aliokota maranda, akafagia, akapanga vigoda na mabenchi ya wateja ambao hawajaja kuchukua vyao. Mkewe alikuwa ameomba ruhusa chuoni ili aje aione siku ya mumewe, na angepanda basi la alfajiri. Safari hii alikuwa na sababu nyingine pia. Binti yao wa darasa la kwanza alikuwa aking'oka meno ya mbele, bibi yake akambandika jina la Kibogoyo. Jino la kwanza liling'oka Jumatatu, la pili Jumatano, na yote mawili mama yake aliyasikia kwenye simu. La tatu lilikuwa linacheza, na Kibogoyo alikuwa amepiga marufuku mtu yeyote kuligusa. Lingeng'olewa na mama. Alitembea siku mbili mdomo umefungwa, akila upande mmoja, akimtazama kwa mashaka kila mtu mwenye mikono.

Asubuhi, wajumbe wa mji wenyewe walifika kwa miguu wakiwa wachangamfu. Wa kaskazini walichelewa sana. Mwenyekiti, mtu mnene mwenye heshima zake, alishuka garini akijishika kiuno, akaingia karakana, akasalimia, akauliza kama anaweza kujinyoosha kidogo. Wakamlaza kwenye benchi la kupigia randa. Kutoka pale, macho yakiwa darini, alitamka neno lake la kwanza kuhusu reli kwa siku ile.

"Lile daraja la kwanza kule barabarani," alisema, "nani alilijenga?"

Hakuna aliyejua. Mama mkwe alileta chai na mkate. Wa kusini hawakuwapo, na bila kusini akidi haitimii, maana kanuni zilitaka pande zote tatu. Chai ikanywewa ikaisha, ikachemshwa nyingine. Katibu alikuwa akizunguka meza kama kuku anayetafuta pa kutagia. Wajumbe wakaanza kuichezea treni, kwanza kwa aibu, kisha kwa ushindani, na Mwenyekiti akiwa chali benchini akataka aelezwe imefika wapi.

Simu ya fundi ikalia. Alikuwa mkewe.

"Tumekwama mlimani," mkewe alisema. "Lori la saruji limelala katikati ya barabara kama liko kwao. Watu wameshuka, wengine wanalala nyasini. Kibogoyo yuko?"

"Yuko. Analinda jino."

"Mwambie nakuja. Halafu baba, nimekaa na mzee mmoja hapa, ananipa mawaidha ya subira tangu jua halijatoka. Namwambia nawahi jino la mwanangu, ananiambia jino litasubiri, mwenda pole hajikwai. Nikifika hapo nitakuwa nimeshaokoka."

Fundi akaweka kikombe chini. "Mzee gani? Yukoje?"

"Ana mkoba wa ngozi mzee kuliko yeye. Mjumbe wa kitu gani sijui. Amekataa gari la ofisi, anasema ni ubadhirifu, wananchi wanapanda basi naye atapanda basi. Ni mtu mwema, basi tu methali zimemzidi."

"Mke wangu," fundi alisema kwa sauti ndogo, akigeukia ukuta, "huyo ndiye Mzee Subiri."

Kimya kikapita. Fundi alikijua kimya kile. Alikuwa amekisikia kabla mkewe hajamgeukia daktari mmoja aliyewahi kubishana naye kuhusu mama mjamzito.

"Ahaa," mkewe alisema. "Basi wacha nikate simu."

Kabla hajakata, Katibu, aliyelisikia jina la mzee, alikuwa ameshaikwapua ile simu, akaiweka sauti ya juu na kuomba apewe mzee. "Mzee, ni Katibu hapa. Kamati imekaa hapa inawangoja. Tufanyeje?"

Ikaja sauti ya mzee, tulivu, upepo wa mlimani ukivuma nyuma yake. "Tusubiri," ilisema.

Karakana nzima ikaangua kicheko, Mwenyekiti akashika kiuno chake akiomba wasimchekeshe. Fundi naye alicheka, lakini moyoni alikuwa akihesabu mwisho wa mwezi. Alijua mkewe ana ulimi, alijua pia kwamba mwanadamu aliyekwama barabarani na mwenye njaa habadiliki moyo, hukasirika tu, na hasira zake huziteremsha kwa mtu wa karibu. Aligusa kituo mfukoni mwake.

Ilipita saa ya chakula. Mama mkwe akaleta mkate mwingine, akawagawia wajumbe, akampa mjukuu kipande chake. Kibogoyo, ambaye njaa ilikuwa imemshinda kwa kungoja, alisahau akauma kwa mbele. Akaacha kutafuna. Akautoa mkate mdomoni, akautazama. Jino lilikuwa limesimama kwenye mkate ule.

Hakulia mara moja. Alimtazama bibi yake kama mtu aliyevunja chombo cha wageni. "Bibi, lirudishe," alisema.

Bibi, mwenye jibu kwa kila kitu, aliufunika mkate kwa pindo la khanga. Wajumbe waliacha treni. Mmoja akasema ni bahati njema, mwingine akasema litaota jingine kubwa zaidi, na Kibogoyo akaanza kulia kwa kinywa kipana chenye mapengo matatu. Fundi alimpakata juu ya maranda. Kwa kukosa cha kufanya, akachukua gundi, akamwonyesha kopo, wote wawili wakalitazama, na hata mtoto aliona kwamba lile si la kugandishwa. Mwishowe wakalifunga jino kwenye kipande cha msasa laini, upande usiokwaruza, ili mama alikute salama.

Jua lilikuwa limeshainama pale mkewe alipoingia. Begi lake begani, ule mkoba mzee wa ngozi mkononi, viatu vimevaa tope. Nyuma yake aliingia Mzee Subiri, mwembamba, mrefu, suruali imelowa hadi magotini, na wenzake wawili wa kusini walioliacha gari la ofisi kwenye foleni mlimani. Walikuwa wamevuka mlima kwa miguu, wakalipita lile lori, wakapata basi jingine upande wa pili. Mzee alisalimia kila mtu kwa zamu yake, kama inavyopaswa. Alikuwa bado ameinamisha kichwa kupokea kikombe cha chai pale Kibogoyo alipomfikia mama yake.

Mtoto alifungua msasa. Akamnyooshea.

Mama yake alipiga magoti kwenye vumbi la mbao. "Limetoka," alisema.

"Nililishika," Kibogoyo alisema. "Nililishika mama, ila nilikuwa na njaa."

"Sasa hivi?"

"Saa ya mkate."

Mkunga yule, aliyekuwa amepokea watoto wa watu wengi kuliko anavyoweza kukumbuka, alilichukua jino la mtoto wake, akaligeuzageuza kwenye kiganja. Aliumia na hakuficha kwamba ameumia. Kisha akatabasamu, akambusu mtoto pale penye pengo, akamwambia ni jino zuri sana, jeupe kuliko ya baba yake. Wajumbe walitazama juu, walitazama chini. Mzee Subiri alikuwa amesimama na kikombe chake, na chai ilikuwa inapoa.

Kikao kikafunguliwa. Katibu alisema aliyokuwa nayo, na safari hii aliyasema bila majedwali. Kwamba barabara imepanuliwa mara mbili na mara zote mbili imejaa tena. Kwamba daktari bingwa yuko jiji moja na wagonjwa wake jiji jingine, na wanakutana njiani. Kwamba watu wa ukanda huu wamegawanyika, wanafanya kazi huku na wanalala kule, na katikati wanaishi kwenye viti vya basi. Reli ingewafanya mji mmoja.

Halafu Mwenyekiti, aliyekuwa amekaa sasa lakini kwa uangalifu, akampa nafasi Mzee Subiri. Fundi akashika ukingo wa meza.

"Mimi ninayo maswali yangu, na sijayaacha mlimani," mzee alianza. "Reli hii itakula fedha nyingi. Nauli yake ikiwa ya matajiri, itapita juu ya vichwa vya maskini kwa kasi, na maskini watabaki kuitazama. Nililisema hilo mwaka jana na leo nalirudia, liandikwe." Katibu akaandika, uso umemshuka. Mzee akanyanyua kidole chake kile maarufu, na wajumbe wakajiweka tayari kwa methali. Kidole kikabaki hewani.

"Nilimwambia huyu mama kwamba jino litasubiri," alisema. "Nilimwambia mara tatu. Alikuwa ananijibu kwa heshima, lakini mara ya mwisho aliniuliza, mzee, wewe unayesema subira yavuta heri, wahenga haohao si ndio waliosema chelewachelewa utakuta mwana si wako? Nikacheka. Nikamwambia hiyo ni ya kuwatisha vijana." Akashusha kidole. "Jino halikusubiri. Mimi nilikuwa naifikiria subira kama kitu ninachotoa mfukoni mwangu. Kumbe nimekuwa nikitoa mfukoni mwa mtoto."

Katibu akaweka kalamu chini. Mzee akaisogelea meza, akauliza treni inawashwaje. Fundi akambonyezea mota. Treni nyeupe ikatoka jiji la kusini, ikaingia handakini kwenye mlima uleule, ikatoka, ikauvuka mto, ikapita katikati na kufika kaskazini. Mzee aliifuata kwa macho yote.

"Mbona hapa haisimami?"

"Kituo kiko kwa penseli," Katibu alisema. "Tulikuwa tunaogopa, kila ikisimama..."

"Sikusema isimame kila mahali. Isimame hapa. Leo kamati nzima imesimama hapa, na hatukufa." Wajumbe wakacheka. "Mimi kura yangu ina masharti mawili. Isimame katikati, na nauli iwe ya mtu anayekwenda kazini kila siku, si ya mtalii. Hayo yakiandikwa kwa wino, sina cha kusubiri."

Fundi Gundi alitia mkono mfukoni mwa aproni. Alikiweka kituo kando ya reli, paa lake jekundu likaelekea kaskazini. Mwenyekiti akaita kura. Mikono ikapanda, wa kaskazini, wa katikati, wa kusini. Mzee Subiri alitazama kushoto na kulia kuhakikisha wote wameshanyoosha, ndipo akanyoosha wake polepole.

"Mazoea," alisema kwa kuwaomba radhi.

Kamati iliondoka ikiwa na furaha na ikiiogopa safari ya kurudi. Mwenyekiti aliacha agizo: mfano huu ndio utakaopelekwa mbele ya Baraza, ambalo ndilo lenye neno la mwisho, kwa hiyo fundi atafute namna ya kuutoa. Mzee Subiri na wenzake wa kusini walilala kwa wajumbe wa mji, maana basi la kusini lilikuwa limeshapita.

Jumamosi asubuhi fundi aliingia karakana peke yake. Kituo kilikuwa kimeshagandishwa. Alikuwa amekipaka gundi jana baada ya kura, kabla hata wageni waliokuwa wakiondoka hawajafika barabarani. Alisimama na msumeno mbele ya meza. Jambo ambalo hakuwa amemuuliza mkewe lilikuwa halimtoki kichwani tangu jana. Baraza linaweza kukataa. Ujenzi unaweza kuchukua miaka, Kibogoyo akawa na meno yote. Na nyumba ya chuo ilikuwa bado inangoja jibu. Mkewe alikuwa amecheka jana, amekula, amelala kama gogo, na hakusema lolote. Labda angekata tu, fundi aliwaza. Karakana inayofungwa haihitaji heshima.

Mkewe akaingia. Alikuwa amefunga kitambaa kichwani na mkononi alishika nyundo kubwa ya fundi uashi wa jirani, ile ya kubomolea.

"Weka msumeno," alisema.

"Unataka kufanya nini?"

"Kupanua mlango."

Fundi alitazama ukuta, akamtazama mkewe. Akaushusha msumeno. "Huu ukuta tutaubomoa, kuujenga tena ni kazi. Na kama mwisho wa mwezi tunahama..."

"Baba, sikiliza," mkewe alisema, akiipima nyundo mkononi. "Wewe umemwona wapi mtu anayehama akipanua mlango?"

Maneno yale yalimchukua muda kumwingia. Yalipoingia, fundi alilazimika kukaa kwenye kigoda, akajifuta uso kwa aproni yenye gundi, gundi ikamshika nyusi. Mkewe alicheka mpaka akaegemea ukuta alioujia kuubomoa. Kisha akainua nyundo kwa mikono miwili, kama mtu aliyezoea kazi nzito, akapiga pigo la kwanza kando ya fremu. Plasta ikamwagika. Kibogoyo akaja mbio na mdomo wake wazi wenye mapengo matatu, akataka naye apige.

"Simameni," mama mkwe alisema kutoka kibarazani. Alikuwa amenyoosha mkono, na ndani yake kulikuwa na futi kamba aliyoichukua kwenye kapu lake la kushonea. "Safari hii pimeni kwanza."